Zinki inayobanduka haiponi kwa kuongeza umeme

Swali: Shikamoo mtaalamu. Huu ni mwezi wa tano naendesha mashine ya kupaka zinki kwa umeme kwenye karakana moja hapa Nyakato, Mwanza. Tunapaka bolti, bawaba na vibao vya kushikia injini za mitumbwi. Tangu mvua zianze, kazi imeharibika. Vitu vinatoka tangini vinang'aa, lakini kesho yake vina malengelenge, na ukikwaruza kwa ukucha zinki inabanduka kama ganda la kitunguu. Kingo zinatoka nyeusi na zinakwaruza, halafu kwenye kona za ndani hakuna kitu. Juzi mteja wa Mwaloni karudisha bolti zimeota kutu baada ya wiki sita tu majini. Bosi anasema niongeze umeme na dawa ya mng'ao. Nimeongeza vyote viwili, hali imezidi. Nakosea wapi? Tangi ni la kloraidi, lita 600, na rektifaya, yaani kifaa kinacholisha tangi umeme, ni ya ampea 300.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Umeeleza vizuri, na nusu ya jibu umeitoa mwenyewe uliposema "tangu mvua zianze". Mvua haiingii kwenye tangi la zinki. Inakipata chuma kabla hakijafika mikononi mwako, na ndiko shida yako kubwa iliko. Malengelenge yanatoka hasa kwenye usafishaji. Weusi wa kingo unatoka kwenye ampea. Kutu ya Mwaloni ni jambo jingine kabisa, nitalifikia. Kuongeza umeme hakuponyi lolote kati ya hayo, na weusi wa kingo kunauzidisha.

Zinki ya umeme haina gundi. Chembe zake zinajipanga moja kwa moja juu ya chuma. Zikikuta katikati pana utando wa mafuta, masizi au kutu, zitajipanga juu ya huo utando bila kulalamika, zitang'aa, na mteja atalipa. Utando ukiachia, zinki yote inaondoka nao. Tangi la zinki halisafishi chochote. Kila uchafu unaouingiza humo unaufunika tu.

Sasa tazama kinachotokea masika. Bolti na vibao vinakaa nje au vinabebwa kwenye mvua, vinafika na kutu nene. Kitu kilichokuwa kinahitaji dakika 8 kwenye asidi sasa kinaachwa dakika 40, au kinasahauliwa humo watu wakienda kula. Asidi ikishamaliza kutu haisimami, inaanza kula chuma chenyewe. Chuma kikiliwa hutoa haidrojeni, na sehemu ya haidrojeni hiyo hujipenyeza ndani ya chuma. Papo hapo kaboni iliyomo kwenye chuma hubaki juu kama masizi meusi. Ukipaka zinki juu yake, haidrojeni inakosa pa kutokea. Inajikusanya taratibu chini ya zinki na kuisukuma juu. Ndiyo maana malengelenge huyaoni jioni, unayaona kesho yake.

Dawa yake ni kupunguza kazi ya asidi. Kutu nene iondolewe kwa brashi ya waya, kwa grenda yenye brashi au kwa kupiga mchanga, kabla hujafikiria kuchovya. Lile gamba jeusi la kiwandani linalokuwa kwenye vyuma vipya nalo ni gumu kwa asidi. Ukilipiga mchanga umeokoa nusu saa ya asidi na umeondoa haidrojeni yote ambayo ingeingia.

Mafuta kwanza, asidi baadaye

Usiingize kitu chenye mafuta kwenye asidi. Asidi haiondoi mafuta. Inakula pale ambapo hayapo na kuacha pale yalipo, na mafuta yanayoachia yanaelea juu yakisubiri kukipaka kila kitu unachotoa.

Hapa Mwanza kuna mafuta ya aina mbili, na yanatoka kwa njia tofauti. Vibao vilivyokwisha kutumika kwenye mitumbwi vina mafuta ya sangara na dagaa. Hayo ni mafuta ya mnyama, kwa hiyo kostiki soda ya moto inayageuza kuwa sabuni na yanaoshwa. Bolti mpya zina oili na grisi ya kiwandani, yaani mafuta ya petroli, ambayo kostiki peke yake haiyagusi hata ikichemka. Yanahitaji dawa ya kuyavunja, ndiyo maana sabuni maalumu huwekwa ndani ya maji ya kostiki. Karakana nyingi zina kostiki tupu na hazielewi kwa nini vibao vya zamani vinashika zinki kuliko bolti mpya.

Mchanganyiko unaofaa kwa lita moja ya maji ni gramu 40 za kostiki soda, gramu 25 za soda ashi, gramu 20 za sodiamu metasiliketi na gramu 2 za sabuni isiyotoa povu jingi. Joto liwe nyuzi 65 hadi 80, muda dakika 10, huku ukitikisa. Kostiki iingie kwenye maji baridi kidogo kidogo, maana inachemsha maji yenyewe inapoyeyuka. Na uangalie usije ukachovya kibao cha alumini humo. Baadhi ya vishikio vya injini ni alumini, na kostiki inaviyeyusha huku ikitoa haidrojeni inayoweza kushika moto.

Baada ya kuosha, fanya jaribio ambalo halina gharama yoyote. Chovya kibao kwenye maji safi, kitoe, kiinamishe kidogo, kisha kikazie macho kwa sekunde 30. Kikiwa safi, maji yanabaki yameshikamana kama kioo kimoja kutoka ukingo hadi ukingo, na yanapungua kwa kushuka chini pamoja. Kikiwa na mafuta, utaona maji yanajivuta, yanafungua duara kavu, kisha duara la pili, na pembezoni mwake yanakusanyika matone. Hapo palipojitenga ndipo zinki itakapobanduka. Usisonge mbele, kirudishe kwenye kostiki. Mtu anayefanya jaribio hili kwenye kila mkupuo anaondoa sehemu kubwa ya marejesho ya wateja.

Asidi ya hidrokloriki ya dukani huwa na nguvu ya asilimia 30 hadi 33. Ichanganye nusu kwa nusu na maji. Maji ndiyo yanatangulia kwenye ndoo, asidi inafuata polepole. Ukifanya kinyume, inaruka usoni. Weka na dawa ya kuzuia asidi isile chuma, inauzwa pamoja na kemikali za kazi hii. Muda ni dakika 5 hadi 10. Ikizidi 15, sababu iko kwenye chuma au kwenye asidi yenyewe: asidi iliyochoka hugeuka kijani iliyokolea kwa chuma kilichoyeyuka humo, na kitu cha dakika 10 kinaanza kuchukua 30. Hiyo ibadilishwe. Kuongezea asidi mpya juu ya ya zamani kunaongeza harufu kuliko nguvu.

Ukitoa kwenye asidi na kusuuza, pangusa kwa kitambaa cheupe. Kikichafuka cheusi, hayo ndiyo masizi ninayokueleza. Yasugue kwa brashi ya plastiki, au kama mna tangi la kusafishia kwa umeme, kitu kikae upande wa chanya kwa dakika 1 hadi 2, ampea 5 kwa kila desimita ya mraba. Upande wa chanya hutoa oksijeni, na oksijeni hainyemelei ndani ya chuma kama haidrojeni. Wengi wanaufunga upande wa hasi kwa sababu povu lake ni jingi na linaonekana linafanya kazi, kumbe wanaongeza haidrojeni ile ile waliyoitoroka.

Kisha suuza, chovya sekunde 15 hadi 30 kwenye asidi nyepesi ya asilimia 5, suuza tena, na ingiza kwenye zinki kikiwa kimelowa. Kikikauka njiani, umekipa kutu changa ambayo jicho halioni.

Maji ya kusuuzia yasiwe ndoo moja inayotumika asubuhi hadi jioni. Weka vyombo viwili, maji safi yaingie cha pili na yafurikie cha kwanza, na kitu kianze kusuuzwa kwenye cha kwanza. Maji tunayoyapata kutoka ziwani ni laini, hayana chokaa nyingi, kwa hiyo yanafaa sana kwa kazi hii. Kinachokuharibia ni asidi na chuma unavyovibeba mwenyewe kutoka tangi moja kwenda jingine.

Ampea inahesabiwa

Usiangalie volti. Volti inabadilika kwa joto la tangi, kwa umbali wa anodi (vipande vya zinki vilivyofungwa upande wa chanya) na kwa waya uliooza. Kinachopaka zinki ni ampea, na ampea inagawanywa kwa eneo la vitu ulivyotundika. Kwa tangi la kloraidi na vitu vya kutundika, lenga ampea 2 kwa kila desimita ya mraba. Desimita ya mraba ni kipande cha sentimita 10 kwa 10.

Chukua kibao cha sentimita 10 kwa 20. Kina pande mbili, kwa hiyo ni desimita 4 za mraba. Vibao 12 ni desimita 48, mara 2 ni ampea 96. Bolti ya milimita 12 yenye urefu wa sentimita 10, ukijumlisha kichwa na nyuzi zake, ina kama desimita 0.55. Bolti 40 ni desimita 22, yaani ampea 44. Sasa jiulize ulikuwa unaiweka rektifaya wapi. Ukipiga ampea 200 kwenye bolti 40, kila desimita inapokea ampea 9. Zinki iliyomo majini karibu na ukingo inaisha kabla nyingine haijafika, haidrojeni inachukua nafasi, na ukingo unatoka mweusi kama uliochomwa.

Katikati ya tangi, kwa ampea 2, zinki inakua kama nusu maikroni kwa dakika. Maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Maikroni 8 zinachukua dakika 15, maikroni 12 dakika 22. Huo ni wastani. Kingo hupata zaidi, mashimo hupata kidogo.

Mwanza hukosi mizani ya dhahabu. Ile mizani ndogo ya sonara inayopima hadi gramu 0.01 ndiyo kipimo chako cha unene. Pima kibao kimoja kikiwa kimetoka kwenye asidi, kimesuuzwa na kukaushwa haraka. Kitundike, kipake, kisuuze, kikaushe kabla ya dawa ya kumalizia (ile ya kuilinda zinki), kipime tena. Kila desimita ya mraba yenye maikroni 1 ya zinki ina uzito wa gramu 0.0714. Kibao chako cha desimita 4 kikitakiwa maikroni 8, lazima kiongezeke gramu 2.28. Kikiongezeka gramu 1.5, una maikroni 5 tu, hata king'ae vipi. Kama ampea na muda vilikuwa sahihi lakini uzito haukufika, umeme unapotelea kwenye hanga, yaani vyuma vya kutundikia, zisizoshika, kwenye koleo zenye kutu, au unapaka hanga zenyewe. Gusa viungo vya shaba kwa mgongo wa mkono baada ya dakika 10 za kazi, rektifaya ikiwa imezimwa. Kiungo cha moto kuliko vingine ndicho kinachokula umeme wako.

Kona za ndani hazipati zinki kwa sababu umeme unapenda njia fupi, na njia fupi ni ukingo unaoitazama anodi. Geuza kibao ili upande wa ndani uitazame anodi, acha sentimita 15 hadi 25 kati yake na anodi, na usitundike vibao vikizibana uso kwa uso. Kwa vibao vyenye kingo kali, funga waya wa chuma kuzunguka ukingo bila kuugusa, uunganishwe na hanga. Waya huo unaiba umeme uliotaka kuuchoma ukingo. Unatupa zinki kidogo, unaokoa kibao.

Bolti ndogo na nati zipakwe kwenye pipa linalozunguka. Pipa lijae theluthi hadi nusu, lizunguke mara 4 hadi 8 kwa dakika, ampea nusu hadi 1 kwa desimita, muda dakika 30 hadi 45.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, usiache vitu vikining'inia humo mkisubiri TANESCO warudishe. Maji ya tangi yana asidi kidogo, yanaanza kuila zinki changa. Ukikatika sekunde chache ukarudi, endelea. Ukizidi dakika, toa, suuza, na anza upya baada ya kuvua zinki kwenye asidi. Zinki juu ya zinki iliyokwisha kuchoka ndiyo inayotoka kwa matabaka.

Maji ya tangi

Tangi la lita 600 lianze na zinki kloraidi kilo 42, potasiamu kloraidi kilo 120 na asidi ya boriki kilo 18. Hiyo ni gramu 70, 200 na 30 kwa lita. Asidi ya boriki haiyeyuki kwenye maji baridi. Iyeyushe kwenye ndoo ya maji ya moto kwanza. Ikipungua, kingo zinaungua hata ukiwa na ampea sahihi, kwa sababu ndiyo inayozuia maji yaliyo karibu na chuma yasigeuke kuwa ya kostiki.

pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, iwe kati ya 5.0 na 5.6, ipimwe kila asubuhi kwa mita au karatasi nzuri. Kwenye tangi la kloraidi pH hupanda yenyewe unapofanya kazi. Ishushe kwa asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa, kidogo kidogo, huku ukikoroga. Joto lisizidi nyuzi 35. Chini ya bati la Mwanza saa nane mchana, na ampea 200 zikipita humo, tangi linafika huko bila kuomba ruhusa. Likipita, sehemu za ndani zinatoka zimefifia. Pitisha maji baridi kwenye mpira uliozungushwa ndani ya tangi, au fanya kazi nzito asubuhi.

Dawa ya mng'ao ndiyo inayowaponza wengi, na hapo bosi wako amekosea kabisa. Kitu kikififia watu wanamimina kikombe. Dawa hiyo inaingia ndani ya zinki. Ikizidi, zinki inakuwa ngumu na kavu, inajikunja kwa ndani, na inaachia chuma baada ya siku mbili au tatu. Malengelenge yako sehemu yanatoka huko. Dawa huongezwa kwa ampea-saa, yaani ampea mara saa za kazi. Karatasi ya muuzaji inaandika mililita ngapi kwa kila ampea-saa 1,000. Ampea 96 kwa robo saa ni ampea-saa 24. Andika kila mkupuo kwenye daftari, jumla ikifika 1,000 ongeza kiasi hicho tu. Kwa sasa acha kuongeza kabisa. Tundika bati chakavu lililosafishwa, endesha tangi kwa ampea 1 kwa desimita kwa saa kadhaa, dawa iliyozidi itaisha.

Sasa chukua chupa nyeupe ya maji ya kunywa, jaza maji ya tangi nusu, weka matone machache ya haidrojeni peroksaidi, tikisa. Yakigeuka rangi ya chai ya rangi na kutuama tope la kutu, tangi lina chuma ndani. Kinatoka kwenye bolti zilizodondoka chini na zinaliwa taratibu kila siku, na kwenye asidi mnayoibeba bila kusuuza. Chuma ndicho kinachogeuza zinki kuwa nyeusi mara tu ukiichovya kwenye dawa ya kumalizia, hasa kingoni. Dawa yake: rektifaya ikiwa imezimwa, chukua mililita 60 hadi 100 za peroksaidi ya asilimia 35, zizimue kwenye lita moja ya maji, mimina taratibu tangini huku ukikoroga, pH ikiwa juu ya 5. Ngoja saa moja, chuja. Usiweke nyingi, inaunguza dawa ya mng'ao. Kisha kila jioni, kabla ya kufunga, buruta sakafu ya tangi kwa sumaku ya spika iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, na kamba yake. Utashangaa kitakachotoka mara ya kwanza.

Weusi kwenye mashimo na sehemu za ndani, badala ya kingoni, unaashiria shaba. Hutoka kwenye vyuma vya juu vya shaba ambavyo vimeota ukungu wa kijani unaodondokea tangini. Visugue, vifunike, na weka vumbi la zinki gramu 1 kwa lita, koroga, chuja.

Baada ya zinki, suuza, chovya sekunde 10 kwenye maji yenye mililita 5 za asidi ya nitriki kwa lita, suuza, kisha dawa ya kumalizia ya bluu kwa sekunde 30 hadi 45, pH yake karibu 2. Kaushia chini ya nyuzi 60. Usipange vitu vikiwa na unyevu. Upepo wa ziwa na mirundo iliyolowa vinaleta kutu nyeupe ya unga usiku mmoja. Kama dawa yenu ya kumalizia ni ya rangi ya chungwa na vitu vinatoka vya njano, soma kibandiko chake. Ikiwa ni kromiamu ya aina ya sita, inasababisha saratani, na mwambieni bosi abadilishe kwenda ya aina ya tatu.

Bolti za Mwaloni

Huyo mteja ana haki. Hata ungepaka kikamilifu, zinki ya umeme ya maikroni 8 haikufaa kukaa chini ya maji. Watu wanadhani maji ya ziwa ni salama kwa zinki kwa kuwa hayana chumvi. Ni kweli hayana chumvi ya bahari, lakini ni laini. Maji yenye chokaa huijengea zinki ukoko unaoilinda. Maji laini hayajengi ukoko huo, yanaendelea kuila. Juu ya maji, kwenye bawaba na vibao vinavyopigwa na mawimbi tu, maikroni 12 na dawa ya kumalizia zinafaa. Chini ya mstari wa maji anahitaji bolti zilizochovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa, kwenye joto la nyuzi kama 450, ambayo inaacha maikroni 40 hadi 50 kwenye bolti na 85 kwenye chuma kinene kuliko milimita 6. Nati zake lazima ziwe zimepanuliwa nyuzi, la sivyo hazipandi. Mwambieni hivyo kabla ya kupokea kazi. Na vitu vitakavyogusa minofu ya samaki msivipake zinki ya aina yoyote. Hivyo ni vya chuma cha pua.

Maji machafu na mwili wako

Zinki inaua samaki, na ziwa hili ndilo tunalokunywa. Chanzo cha maji cha Capri Point kiko mjini hapa hapa. Maji ya kusuuzia yasiende mtaroni wala Mto Mirongo. Yakusanye, weka chokaa hadi pH ifike 9 hadi 9.5, koroga, acha usiku mmoja. Zinki inatuama kama uji mweupe. Usipandishe pH kupita 11, maana zinki inayeyuka tena na kazi yako imepotea. Chuja, kausha tope kwenye mifuko, na mfuate utaratibu wa NEMC, baraza la taifa la mazingira, wa kulitupa. Asidi iliyochoka nayo inazimwa kwa chokaa, polepole sana. Kemikali zenyewe zinatakiwa ziwe zimesajiliwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Hilo ni jukumu la bosi, lakini wewe ndiye unayezivuta.

Vaa glovu ndefu za mpira, miwani inayofunika pande zote na aproni. Pawe na bomba la maji safi hatua chache kutoka kwenye matangi, na macho yakirukiwa yaoshwe dakika 15 mfululizo kabla ya kwenda hospitali. Na ukipewa siku moja tangi la zamani ambalo hujui lina nini, uliza kwanza kama ni la sianidi. Asidi ikikutana na sianidi inatoa gesi inayoua mtu aliyesimama hapo hapo.

Mzigo ulioharibika uliopo

Vua zinki yote kwenye asidi ya asilimia 10. Itachemka kwa nguvu. Mara tu uchemkaji ukipoa, toa, usingoje dakika ya ziada. Suuza, kausha, weka kwenye oveni nyuzi 200 kwa saa 3 hadi 4 ili haidrojeni itoke, kisha anza upya kutoka kwenye kostiki. Katika mkupuo wa kwanza, kaanga kibao kimoja kwenye oveni nyuzi 150 kwa nusu saa, kitumbukize kwenye maji baridi, na ukikague kwa jicho la karibu. Lengelenge lililotaka kutoka kesho kutwa litatoka hapo hapo.

Lakini kabla ya yote tenga bolti zilizoandikwa 10.9 au 12.9 kichwani, na washa za springi. Chuma chake ni kigumu na haidrojeni inakifanya kivunjike ghafla kikiwa kimekazwa, bila kupinda kwanza. Hizo zikipakwa kwa umeme zinatakiwa kukaangwa nyuzi 190 hadi 220 kwa saa zisizopungua 8, zikianza ndani ya saa 4 tangu zitoke tangini na kabla ya dawa ya kumalizia. Zilizokwisha kulowa kwenye asidi dakika 40, usizirudishe kwenye injini ya mtu. Za 8.8 hazina shida hiyo.